Nani Anainua? Mwalimu Velichka Anaaga

Ijumaa tarehe 28 Juni, kengele ya mchana ikishalia, Mwalimu Velichka Dragoeva atafunga kabati la mifupa na kukabidhi ufunguo, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha maumbile ya mwili katika chuo chetu cha tiba ya viungo hapa Pavel Banya. Ndivyo karatasi za kuaga zinavyoanza, na mkurugenzi wetu, Bi Kapka, amenisisitizia nianze hivyo hivyo. Haya, nimeanza. Sasa niacheni niinuke kidogo, maana kiti hiki kinanichoma.

Mimi ni Gencho Rusev, mwalimu wa masaji, mlango unaofuatana na wake. Nimepewa kazi hii kwa kuwa nimekuwa jirani yake kuliko mtu mwingine yeyote chuoni, wala si kwa uzuri wa kalamu yangu. Mchapishaji anazitaka kurasa hizi kesho. Na hadi juzi nilikuwa sijui kama mwenye sherehe atakuja kwenye sherehe yake mwenyewe. Nimekunywa kahawa mpaka vidole vinacheza vyenyewe. Nimeenda dirishani, nimerudi, nimeenda tena. Kwa hiyo mkiona maneno yanarukaruka humu ndani, mjue mwandishi naye alikuwa anarukaruka.

Velichka ni mtoto wa Turia, kijiji cha hapo jirani. Alianza kazi kwenye hospitali ya chemchemi za maji moto, akiwarudisha watu kwenye miguu yao: waliovunjika nyonga, wachimba migodi wenye migongo iliyokufa ganzi, wazee waliosahau kupanda ngazi. Mkurugenzi wa wakati ule alikuja kumwomba asaidie kufundisha muhula mmoja tu, hadi apatikane mwalimu wa kweli. Mwalimu wa kweli hakutafutwa tena.

Alikuta wanafunzi wanakariri majina ya misuli kwa Kilatini kama watu wanaosoma dua wasiyoielewa. Siku ya kwanza akawafungisha vitabu. Akawaambia kwamba kwao Turia hakuna anayejali jina lako la kwenye kitambulisho. Kila ukoo una jina la utani, na jina hilo linakwambia yote. Kuna Wenye Vichwa, kuna Wa Kisimani, kuna Warefu, kuna Washona Viatu. Misuli nayo, akasema, imebatizwa na watu wa aina hiyo hiyo.

Basi akaanza kuwapanga. Huyu wa mbele ya mkono ameanza na vichwa viwili, anaitwa wa Vichwa Viwili. Wa nyuma ya mkono anavyo vitatu, wa mbele ya paja vinne. Huyu aliyefunika bega ana umbo la pembetatu, kaitwa kwa umbo lake. Wa matakoni wako watatu, mkubwa, wa kati na mdogo, na wameitwa kwa ukubwa wao bila haya. Wengine wameitwa kwa mahali wanapokaa, wengine kwa mifupa walikojishikiza, wengine kwa jinsi nyuzi zao zilivyolala, wima au mshazari. Wengine wana jina la kazi: mkunjaji, mnyooshaji, mwinuaji. Yuko hata Mshonaji, mrefu kuliko wote, anayekatiza paja kutoka nyonga hadi chini ya goti. Kaitwa hivyo kwa sababu ndiye anayekusaidia kuupandisha mguu mmoja juu ya mwingine, kama mafundi cherehani wa zamani walivyokaa kazini. Wanafunzi wakacheka, na aliyecheka hakusahau tena.

Alikuwa na kalamu ya bluu ya kuchora mwilini. Mikono ya wanafunzi wake ilijaa mistari mpaka akina mama wa kantini wakagoma kuwapa banitsa, ile mikate yetu ya jibini, kabla hawajanawa.

Kosa moja hakulivumilia. Ukisema msuli unasukuma, umeharibu siku yako na yake. Tulikuwa na mwanafunzi mmoja, Asparuh, mpiga mieleka, shingo na kichwa upana mmoja. Akasimama mbele ya darasa akasema msuli wa nyuma ya mkono kazi yake ni kusukuma. Nilimsikia Velichka kupitia ukuta.

"Njoo hapa, jitu langu. Usukume mlango."

Asparuh akausukuma. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na kwa nguvu zake bawaba moja ikaachia.

"Umesukuma?"

"Nimesukuma, Mwalimu."

"Wewe umesukuma. Msuli wako je? Shika hapa nyuma ya mkono. Umekuwaje?"

"Umekuwa mgumu. Na mfupi."

"Mfupi, ehee. Umejikunja ukavuta kano, kano ikavuta mfupa nyuma ya kiwiko, mkono ukanyooka, na mlango wangu ukapata hasara. Msuli haujui kusukuma, mwanangu. Unajua kuvuta, halafu unajua kuachia. Basi. Ndiyo maana Mungu kaiweka miwilimiwili: mmoja akivuta, mwenzake wa upande wa pili anaachia. Wote wakivuta pamoja, unasimama kama gogo. Kama unavyosimama sasa hivi. Nenda kaite fundi."

Asparuh leo ana kituo chake cha tiba Kazanlak, na mlango wa kituo chake, nimeuona kwa macho yangu, unafunguka kwa kuvuta.

Lakini kitu kilichompa Velichka jina bonde zima ni mtihani wake wa Mei. Hakutaka wanafunzi wakae wanatetemeka mbele ya meza. Aliwatoa uwanjani, akawashikanisha mikono kwenye horo, ile ngoma yetu ya mstari, yeye kichwani na kitambaa mkono wa kulia. Bai Minyo, mlinzi wetu wa stoo, alivuta kodiani. Mstari ukianza kuzunguka, Velichka anapaza sauti bila kugeuka nyuma: "Goti linapanda, nani anainua?" Na mstari mzima unatakiwa ujibu kabla mguu haujashuka. "Mguu wa chini unanyooka, nani ananyoosha? Nani anaachia?" Aliyekosea alitoka mstarini akaenda kushika mkia. Sijui chuo kingine ambako watu hufeli huku wanacheza. Wazazi walikuja kutazama, wagonjwa wa chemchemi walikuja na taulo shingoni, na mwaka hadi mwaka ile horo ikawa sherehe ya mji. Swali la mwisho lilikuwa moja daima, la ncha ya mguu inapoinuka isikwaruze chini: "Nani anainua?" Na uwanja mzima, hadi wauza mahindi, ulijibu: "Wa mbele wa muundi!"

Shikeni jina hilo, ndilo lililoninyima usingizi.

Februari mwaka huu Velichka aliteleza kwenye barafu mbele ya geti lake. Mimi nilikuwa pale. Tulikuwa tunahamisha pipa la kabichi ya kuchachua, mimi upande huu yeye upande ule, kwa sababu alikataa kungoja barafu iyeyuke. Huyu mwanamke hajui kungoja. Akaanguka, na ukingo wa pipa ukampiga nje ya goti la kushoto, hapo chini kidogo kwenye kifundo cha mfupa mwembamba, mahali ambapo neva ya kuinulia mguu inapita juu juu, imefunikwa na ngozi tu. Nikadhani amevunjika. Yeye kalala chali kwenye barafu, maji ya kabichi yamemlowesha, anakodolea kiatu chake.

"Gencho. Nivue kiatu."

"Utapata baridi, dada."

"Nivue nakwambia. Tazama kidole gumba. Kinainuka?"

Nikatazama. Hakikuinuka.

"Nimekiamrisha, na kimenidharau," akasema. "Ni neva. Wa mbele wa muundi hapati habari. Nisaidie kuinuka, na hiyo kabichi usiiache nje."

Kwa wasio wa fani: mguu wake wa kushoto ulikuwa mzima, mfupa mzima, msuli mzima. Misuli ya shavu la mguu, inayovuta kisigino, ilivuta kama kawaida. Wa mbele, anayejishikiza kwenye mfupa wa muundi na kupeleka kano yake hadi upande wa ndani wa unyayo ili auinue, alikuwa amelala tu hana wa kumwamsha. Ubongo unapiga kelele, waya umekatika njiani. Basi kila hatua ncha ya mguu inaning'inia na kukwaruza. Anayetembea hivyo lazima apandishe goti juu kama anayevuka matope, la sivyo anaanguka.

Alirudi darasani na mkongojo kabla daktari hajamruhusu. Akapandisha mguu wake mezani, akavuta soksi, akaanza somo. Wiki baada ya wiki wanafunzi walifundishwa juu ya mguu wa mwalimu wao. Mmoja, binti mpole aitwaye Radost, alitokwa na machozi, na Velichka akampa kalamu ya bluu akamwambia achore njia ya neva, machozi atayafuta akimaliza. Aprili nilisikia vigelegele ukutani. Nikakimbilia kule. Darasa zima limeinamia meza, na pale mbele ya kifundo cha mguu, chini ya ngozi, uzi wa kano uliruka kidogo, ukatulia, ukaruka tena. Mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Sijawahi kumwona hivyo na sikujua niweke wapi macho yangu.

Neva hukua polepole, na Velichka hana polepole. Mei ilifika, mguu ulikuwa unainuka, lakini kwa kuchelewa. Unauambia inuka, unafikiri kwanza. Kwa kutembea unatosha. Kwa horo ya haraka hautoshi, kwa sababu ngoma haimngojei mtu. Mtihani wa Mei mwaka huu ulifanyika mezani, kwa mara ya kwanza, na wanafunzi walijibu vizuri na hakuna aliyefurahi.

Sasa mnajua desturi yetu: anayestaafu ndiye anayeongoza horo ya kuagwa. Anashika kitambaa, anautoa mstari ukumbini, anaupeleka uwanjani, anapita getini nao. Hivyo ndivyo tunavyomtoa mtu kazini hapa, kwa miguu yake, na sisi nyuma yake. Bi Kapka, kwa nia njema kabisa, akatafuta njia. Akaleta wazo la kiti. Kiti kipambwe, kiwekwe katikati, na horo izunguke mwenye sherehe. Akaja na mfano wa shada la kukipamba, mawaridi ya shambani kwake, akamwekea Velichka mezani. Kwa bahati mbaya waridi moja lilikuwa limekatika likabaki koridoni. Velichka akayahesabu kwa jicho moja. Yalikuwa shufwa, na maua shufwa kwetu hupelekwa makaburini.

"Kapka, mwenzangu," akasema, "kiti umeleta, maua ya maiti umeleta. Padri yuko wapi?"

Bi Kapka akawa mwekundu kuliko mawaridi. Akakimbia kulitafuta lile lililoanguka. Lakini Velichka alikuwa ameshanigeukia mimi, na sasa hakuwa anatania.

"Sikai kwenye kiti, Gencho. Miaka yote nimewatoa watu kwenye viti. Wakinizunguka nimekaa, hicho ndicho watakachokumbuka, na mimi ndicho nitakachokumbuka. Na mstarini siingii nikaburutwa. Naongoza, au nabaki nyumbani namenya viazi."

"Atakayeongoza akiwa mwingine je, wewe ukasimama tu mlangoni?"

"Viazi," akasema.

Nikaogopa. Ninaliandika hilo hapa bila aibu. Nilimwona akilini, Ijumaa hiyo, akiwa jikoni kwake na kisu, sisi tukila na kunywa kwa jina lake, na Jumatatu ukuta wangu ukiwa kimya. Nilikwenda kwa Bi Kapka kuomba horo ifutwe. Nikarudi kwa Velichka kumwomba akubali kiti. Nikaenda tena kumwomba Bi Kapka asije na kiti. Wote wawili waliniambia niache kutembeatembea.

Juzi jioni, wanafunzi wakiwa wameshaondoka, nikasikia kodiani kwenye ukumbi wa mazoezi. Inapigwa kidogo, inakatika, inapigwa tena. Na sauti ya Bai Minyo inalalamika.

"Mama, ngoma haichezwi kwa vipande. Hii siyo soseji."

"Rudia kuanzia mwanzo. Na usiniharakishe."

"Siwezi kukuharakisha. Paidushko ndiyo ilivyo. Fupi, ndefu. Fupi, ndefu."

"Hiyo ndefu ndiyo ninayoitaka mimi."

Nikasimama mlangoni. Velichka alikuwa katikati ya ukumbi, hana mkongojo, sketi ameipandisha hadi magotini ili aone vizuri. Mguu wa kushoto, ule mgonjwa, ulikatiza mbele kwa hatua fupi. Kisha wa kulia ukatua, mzito, ukakaa pale pigo lote refu. Na wakati wa kulia umekaa, wa kushoto ulikuwa nyuma, hauna haraka, una nafasi ya kupata habari. Nikaona kano ikisimama mbele ya kifundo. Ncha ya mguu ikaondoka chini. Haikukwaruza. Mguu ukapita, ukakatiza, fupi; wa kulia ukatua, ndefu. Akafika ukutani, akageuka, akanikuta nimeshika fremu ya mlango.

"Usitulie hapo kama gogo," akaniambia. "Nani anaachia?"

"Shavu la mguu," nikajibu.

"Nani anainua?"

Nikamjibu. Bai Minyo naye akajibu, na yeye hakuwahi kusoma hata somo moja, ila kaupigia mtihani huo kodiani tangu ujana wake.

Akakaa kwenye benchi, jasho linamtoka, akaeleza kama aelezavyo darasani. Ngoma zetu nyingi zinaigawia miguu yote miwili muda sawa, na muda huo mguu wake haujaupata bado. Paidushko inaupa mguu mmoja pigo refu na mwingine pigo fupi. Ukisimama kwa muda mrefu kwenye mguu mzima, mgonjwa unapata muda wa kuinuka. Sehemu ya kurukaruka ameikata. Atakayetaka kuruka akaruke kwao. Amekuwa akitafuta ngoma hiyo tangu Mei, peke yake, jikoni, akihesabu mapigo kwa kijiko, na hakuniambia kwa sababu, anasema, ningezunguka meza hadi nimtie kizunguzungu.

"Watu wataona," nikasema. Samahani, lakini nilisema. "Wataona unachechemea."

Velichka akanitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyesema msuli unasukuma.

"Gencho, hebu cheza paidushko kidogo."

Nikacheza. Fupi, ndefu. Fupi, ndefu. Nilipofika katikati ya ukumbi nikaelewa, nikaanza kucheka mwenyewe, na Bai Minyo akaongeza sauti ya kodiani.

Basi chuo kinamshukuru Mwalimu Velichka Dragoeva kwa vizazi vya waganga wa viungo waliotawanyika bonde hili na mbali zaidi, kwa mtihani wa uwanjani, kwa bawaba ya mlango, na kwa mguu aliouweka mezani ili wengine wajifunze. Mimi namshukuru kwa ule ukuta wenye kelele. Velichka, tunakuombea miaka mingi ya mwendo, kabichi tele na mapipa mepesi. Na ufunguo wa kabati ukiusahau mfukoni, hakuna atakayekufuata kuudai; utakuwa kisingizio kizuri cha kurudi.

Ratiba iliyobaki ni fupi. Hotuba ya mkurugenzi, ambayo ameahidi itakuwa ya ukurasa mmoja. Banitsa na divai. Mawaridi, ambayo Bi Kapka ameyahesabu mara kadhaa. Kisha horo. Ngoma itakuwa paidushko, na anayeongoza ni Velichka Dragoeva. Kiti hakipo.

Ameniagiza niandike maelekezo haya kwa wageni, nami nayaandika kama alivyoyasema. Paidushko ni ngoma ya kuchechemea. Mguu wa kushoto mfupi, wa kulia mrefu, kuanzia kwa mkurugenzi hadi kwa mtu wa mkiani, na asiyechechemea amefeli. Tutatoka ukumbini hivyo, tutavuka uwanja hivyo, tutapita getini hivyo, mji mzima ukitazama, na hakuna atakayeweza kusema ni nani kati yetu aliyeumia mguu.

Nawe, Velichka, usigeuke nyuma. Uliza tu.